Nipitishie Hapa

Waandishi wenzangu, naomba nafasi katika jarida letu nifute kicheko changu.

Katika kikao chetu cha mwezi uliopita, mashairi yalipokwisha kusomwa na chai ikaja, mazungumzo yaligeukia gemu za zamani na hizi mpya zinazotengenezwa kwa sura ya zamani. Kila mtu akataja aliyoimaliza karibuni. Nami nikasema kaka yangu ameimaliza Celeste, ila aliipunguza kasi. Mwenzetu mmoja, simtaji jina, anajijua, akaweka kikombe chini akasema, "Basi hajaimaliza. Ameoneshwa tu mwisho wake." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwenzetu hakuishia hapo. Alitupa somo zima. Kwamba gemu za zamani zilikuwa ngumu. Kwamba ugumu ule ndio uliokuwa thamani yake. Na kwamba mtu anayepunguza kasi, au anayesevu kila hatua, au anayejiongezea maisha, ni sawa na mwanafunzi aliyeingia na majibu kwenye chumba cha mtihani. "Sisi," alisema, "tulimaliza kwa jasho letu."

Sisi gani, jamani? Hebu tuulizane.

Mimi nimekulia Morogoro. Mwaka 2003 nilikuwa darasa la tatu, na mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu chenye televisheni mbili na mabenchi matatu. Mashine zenyewe zilikuwa za Kichina, zilizoigiza Famicom ya Nintendo. Kaseti ilikuwa ya njano, na juu yake wameandika kwamba ndani mna gemu 9999. Uongo mtupu! Zilikuwa labda ishirini, zimerudiwarudiwa kwa majina tofauti. Contra peke yake ilikuwamo mara nyingi: moja unaanza na maisha matatu, nyingine unaanza na thelathini, nyingine unatupwa moja kwa moja steji ya tano. Hatukuwa na kitabu cha maelekezo. Maandishi kwenye kioo hatukuyaelewa. Tulilipa kwa dakika, na mwenye kibanda alikuwa na saa ya mezani ambayo sisi tuliamini inakimbia.

Sasa, katika kibanda kile, nani alimaliza kwa jasho lake? Contra wanacheza wawili. Steji ya tatu ni maporomoko ya maji, mnapanda kwenda juu, na kioo kinapanda nanyi. Anayetangulia kwa pupa anamuua mwenzake wa chini, kwa sababu ukingo wa chini wa kioo unammeza. Kwa hiyo benchi zima lilikuwa likipiga kelele, "Msubiri! Msubiri mwenzio!" Na mtoto akifika mahali pamemshinda, aligeuka nyuma, akanyoosha pedi kwa mkubwa aliyesimama mlangoni, akasema maneno mawili ambayo kila mtu wa vibanda anayajua: nipitishie hapa.

Braza anapokea, anapitisha, anarudisha pedi. Mtoto anaendelea. Gemu ikiisha, mtoto anakwenda shuleni kutangaza kwamba ameimaliza, na hakuna aliyembishia.

Mwenzetu huyu naye ametueleza zaidi ya mara moja kwamba alikulia kwenye kibanda cha namna hiyohiyo. Basi namuuliza mbele ya wasomaji: ndugu yangu, wewe ulipitishiwa mara ngapi?

Tuache vibanda, twende kwenye asili ya huo ugumu unaosujudiwa. Wanaousifu huzungumza kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni. La hasha! Ulikuwa na sababu zake, na nyingine zilikuwa za kihasibu tu. Gemu nyingi za miaka ya 1980 zilitoka kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Mashine ya sarafu inakula pale unapokufa. Ukiishi nusu saa kwa sarafu moja, mwenye mashine amepata hasara. Hiyo ndiyo shule waliyosomea watengenezaji, na walipohamia kwenye mashine za nyumbani walihama na tabia zao. Huko Marekani kukawa na maduka ya kukodisha kaseti, na hapo ikaja hesabu nyingine: mtoto akiimaliza gemu siku mbili alizokodi, ataenda kuinunua ya nini? Louis Castle, mmoja wa waliotengeneza gemu ya The Lion King ya mwaka 1994, amesimulia kwamba waliifanya mwanzo wake kuwa mgumu kwa makusudi ili aliyekodi asifike mbali. Yaani watoto walilia kwa sababu ya biashara ya kukodisha, na leo watu wazima wanaiita ile biashara "ubora".

Tena hawakuwa na msimamo mmoja. Super Mario Bros. 2 ya Japani ya mwaka 1986 ilionekana ngumu mno kwa Wamarekani. Nintendo ikawaficha, ikawapa gemu nyingine kabisa yenye jina hilohilo mwaka 1988. Mega Man 2 ilipopelekwa Marekani ikaongezwa namna nyepesi ya kuchezwa, ule ugumu wa Kijapani ukabaki kwa anayeutaka. Je, kuna mtu amewahi kuwaambia Wamarekani wale kwamba hawajaimaliza Mega Man 2? Hakuna. Hukumu hii imehifadhiwa kwa ajili ya kaka yangu.

Na sasa nimlete shahidi mkubwa. Mwaka 1986 kampuni ya Konami ilikuwa ikiihamisha Gradius kutoka mashine ya sarafu kwenda Famicom. Kazi ile alikuwamo Kazuhisa Hashimoto, aliyefariki mwaka 2020. Hashimoto alitakiwa kuijaribu gemu anayoitengeneza, na ikamshinda. Akafanya nini? Akajiwekea mlango wa uani: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukibonyeza hivyo unapata silaha zako. Ule mlango ukasahauliwa ndani ya gemu, dunia ikaugundua, na baadaye Contra ya Marekani ikautumia kutoa maisha thelathini. Haya, mnyang'anyeni basi na Hashimoto. Mwambieni hakuimaliza gemu aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Hata Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ambayo sisi tulidhani ukifa umekwisha na unarudi mwanzo, ilikuwa na huruma iliyofichwa: maisha yakikuishia, ukishika kitufe cha A na kubonyeza kile cha kuanzia, unarudi mwanzoni mwa dunia uliyofia, si mwanzo wa gemu. Sisi hatukujua. Nani angetuambia? Miaka yote ile tulirudia kutoka dunia ya kwanza, na leo tunaita kutojua kwetu ushujaa.

Sasa msije mkasema nabwabwaja bila kucheza. Mwaka huu nimemaliza nne, nazo ndizo zilizonifungua macho.

Nilianza na Contra yenyewe, ya mwaka 1988, kwenye kompyuta, pamoja na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, kwa maisha thelathini. Bado ni nzuri ajabu. Ukifa unaona kilichokuua: risasi ni nukta moja inayong'aa, nawe ulikuwa na nafasi ya kuruka. Zile steji za kwenda mbele ndani ya ngome, ya pili na ya nne, zimezeeka vibaya, nazicheza kwa subira tu. Lakini maporomoko ya maji! Mpwa wangu aliniua mara sita kwa pupa, nami nikajikuta nikipiga kelele ileile ya mwaka 2003. Tulipoupasua ule moyo wa mwisho nikajaribu peke yangu kwa maisha matatu. Sikuivuka barafu ya steji ya tano. Je, niliipenda zaidi? Hapana. Nilichokiona cha ziada ni steji ya kwanza, mara nyingi.

Ya pili ni Ninja Gaiden ya mwaka 1988. Hii nina ugomvi nayo. Hadithi yake imepangwa kama sinema, picha kwa picha, na kwa umri wake inashangaza. Kuipanda kuta na kurusha upanga kuna utamu. Lakini kuna ndege. Anakuja wakati uko hewani, anakugonga, unatumbukia shimoni. Ukirudi nyuma hatua moja, adui uliyemuua anazaliwa upya palepale. Na katika sura ya sita, ukishindwa na mabosi wa mwisho, hurudi mlangoni pa bosi. Unarudishwa mwanzo wa sura nzima. Mimi nilisevu mbele ya bosi, na sikuona haya. Njia ile nilikuwa nimeshaipita. Nilishaijua. Kunirudisha kulikuwa hakunifundishi kitu, kunanilia usiku wangu tu. Hapo ndipo nilipoona kwamba ugumu uko wa aina mbili: unaokufundisha na unaokupotezea muda. Wasifiaji wa mambo ya kale wanaviweka vyote kwenye gunia moja.

Ya tatu ni Shovel Knight, ya Yacht Club Games, ya mwaka 2014. Hii ni mpya iliyovaa kanzu ya babu. Rangi chache, muziki wa vilio vya mashine ya zamani, shujaa mwenye sepetu. Lakini waliotengeneza walikaa wakachambua nini kibaki na nini kitupwe. Walitupa kuhesabu maisha. Ukifa, sehemu ya fedha zako inabaki ikielea pale ulipofia, nenda kaichukue ukiweza. Na vile vituo vya kukupokea ukifa, unaweza kuvivunja mwenyewe ukapata hazina, kwa hatari yako. Ugumu umewekwa mkononi mwa mchezaji, achague kiasi anachoweza kubeba. Lawama yangu ni ule mnara wa mwisho, ambako unapigana upya na mabosi wote mmoja baada ya mwingine. Hapo walikumbuka ya zamani kupita kiasi. Lakini kuna kitu kilinigusa. Katikati ya safari shujaa analala kando ya moto na kuota rafiki yake anaanguka kutoka angani, nawe unakimbia kumdaka. Na katika pambano la mwisho, yule rafiki anasimama kando yako mnapigana pamoja. Gemu nzima ya upweke, na haimaliziki peke yako.

Ya nne ni Celeste ya mwaka 2018, na hapa ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Mwaka 2016 kaka yangu alikuwa fundi katika karakana ya mbao. Msumeno wa umeme ukamkata mshipa wa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole kipo, kila mtu anakiona, ila hakikunjiki. Wanaocheza gemu wanajua maana yake. Kuruka, kukata, kupiga, vyote ni kazi ya kidole gumba cha kulia. Na kaka yangu, nadhani mmeshabaini, ndiye aliyekuwa yule braza wa mlangoni. Ndiye aliyekuwa akinyooshewa pedi na watoto wa mtaa mzima. Tangu siku ile ya karakana hakushika pedi tena. Nikicheza anakaa nyuma yangu anatazama, halafu anatoka nje.

Celeste ni hadithi ya msichana Madeline anayetaka kupanda mlima. Ni ngumu kweli, kila kioo ni fumbo la miiba. Lakini waliotengeneza, Maddy Thorson na wenzake, waliweka ndani yake sehemu ya msaada: unaweza kupunguza kasi ya gemu kidogo kidogo hadi nusu, unaweza kujipa nguvu zisizoisha, unaweza hata kutokufa kabisa. Nilimwambia kaka ajaribu. Akakataa. Alisema, "Dogo, mimi sitaki kuonewa huruma na kompyuta." Nikaiacha imewashwa mezani nikaenda dukani. Niliporudi nilimkuta ameilaza pedi juu ya meza, anabonyeza kwa kidole cha shahada.

Tuliweka kasi asilimia 70. Hatukugusa kitu kingine. Kila mwiba ulikuwa palepale, kila shimo lilikuwa palepale, na akikosea alikufa kama mtu mwingine yeyote. Kilichobadilika ni kwamba kidole cha shahada kinachotoka kitufe kimoja kwenda kingine kilipata muda wa kufika. Ilimchukua wiki saba. Alikufa mara 4,318. Gemu yenyewe inahesabu, tena inakwambia usione haya kwa hesabu hiyo.

Katika sura ya saba, karibu na kilele, kuna mahali palimgandisha jioni nzima. Nilikuwa nimekaa kando yake. Niliona jasho. Mkono wangu ukanyooka wenyewe kuchukua pedi, kama yeye alivyokuwa akinyoosha wake kwa ajili yangu, nikasema, "Lete nikupitishie." Hakunitazama. Akasema, "Acha. Hapa napita mwenyewe."

Akapita.

Sasa mniambie, waandishi wenzangu, kati ya mimi wa mwaka 2003 niliyepitishiwa kila penye shida nikaenda kujigamba shuleni, na kaka yangu aliyekataa mkono wangu akapita kila kioo kwa kidole chake, nani hakumaliza?

Ati mlima aliupanda polepole. Mlima ni uleule! Mimi *Kusadikika* ya Shaaban Robert niliisoma mara ya kwanza nikiwa na kamusi kando, ukurasa mmoja kwa siku. Mwenzangu wa dawati aliisoma kwa jioni moja. Mwalimu hakusema kwamba mimi sikuisoma. Anayeruka kurasa akaenda kusoma ya mwisho, huyo hajasoma, na hapo nakubaliana na mwenzetu bila kinyongo. Anayetazama tu mwisho wa gemu kwenye video ya mtu mwingine asije kikaoni kutupa maoni yake. Lakini aliyesoma kila neno kwa kasi ya macho yake mwenyewe amesoma, tena mara nyingine amesoma kuliko sisi.

Wala sisemi ugumu uondolewe. Mwenye mikono mizima na anayetaka kuteseka, ateseke. Mimi mwenyewe napenda kuteseka kidogo. Ninachokataa ni mtu kuchukua kipimo cha mkono wake akakifanya kipimo cha kila mkono, halafu akaita kipimo hicho "enzi zetu". Enzi zetu tuliambiana msubiri mwenzio. Tulipeana pedi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kaka yangu anaujua ukweli wa methali hiyo kuliko mtu yeyote katika kikao chetu, kwa kuwa alilazimika kuvunja chawa wake kwa kimoja.

Tena ajabu ya Celeste ni kwamba hata Madeline hafiki kileleni peke yake. Kuna nafsi yake nyingine, ile ya woga na hasira, inayomkimbiza na kumwangusha nusu ya gemu. Hafiki kwa kuishinda. Anafika baada ya kupatana nayo, wakapanda pamoja, na ndipo anaweza kuruka mara mbili angani pale alipoweza mara moja. Mwenzetu anayesema ameimaliza kwa kasi kamili, nashangaa, alipofika pale alikuwa anasoma nini?

Nimemaliza. Kwa kicheko changu nimekwisha kumwomba kaka radhi. Alinitazama kama asiyeelewa ninachozungumzia, akaniuliza kama Contra bado imo kwenye kompyuta.

Kwa mwenzetu nina ombi moja tu, nalo si la shari. Karibu nyumbani Jumapili yoyote. Tutakufunga kidole gumba cha kulia kwa plasta, kinyooke, kisikunjike. Kasi tutakuwekea mia kwa mia, kama unavyotaka. Mlima upande kuanzia chini, tukiwa tunakutazama. Na ukifika mahali pamekushinda, usione haya, geuka nyuma useme yale maneno mawili. Kaka atakuwepo mlangoni.